Tambi, Chapati na Soni: Meza ya Jamaa katika Hoteli za Kisii

Hapa kwetu pwani, mtu akionekana adhuhuri amekaa hotelini na mkewe na watoto wake, wako wazee ambao mpaka leo watanong'onezana: je, huko kwake moto umezimika? Mkahawa wetu wa jadi ni wa wanaume. Ni kahawa chungu, kashata, kete za bao, na habari za mji tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi. Mwanamke mwenye shughuli hupita tu, au humtuma mtoto na bakuli akanunue mbaazi na mahamri, kisha jamaa wakala nyumbani mlango ukiwa umerudishwa. Desturi hiyo haina aibu, nasi hatukuja kuitia ila.

Lakini watu wa pwani siku hizi hawakai pwani tu. Mwalimu wa Lamu hupelekwa kufundisha Nyamira. Kijana wa Kwale huenda kusoma Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013. Mchuuzi wa soko la Kongowea hufuata ndizi huko huko zinakokatwa. Huyo mwalimu amepanga chumba kimoja, na jiko lake ni la mafuta ya taa, la kuchemshia chai ya mtu mmoja. Siku mkewe na watoto watakapomfuata wakati wa likizo, pengine pamoja na bibi yao, hapana budi watoke wakale nje. Wakale wapi, na wakae vipi? Hili ni jambo dogo kwa msikiaji, ila kwa mwenye jamaa si dogo hata kidogo.

Sisi twaona hivi: asikimbilie hoteli kubwa yenye baa upande wa pili wa ukuta kwa kuwa tu ina vitambaa mezani. Aende hoteli ndogo ya mtaani, ile inayokanda unga wake yenyewe kila alfajiri. Na wenye hoteli hizo, kama wangetaka kuvuta jamaa nzima badala ya wapita njia peke yao, wanacho kitu mikononi ambacho pengine hawajakitambua. Kitu hicho ni tambi. Si za pakiti, bali za kukandwa na kukatwa pale pale kwa mkono.

Kwanza tuwaeleze wasiofika huko. Mji wa Kisii wenyeji huuita pia Bosongo, maana yake kwa Wazungu, kwa kuwa ndipo wakoloni walipoweka makao yao. Uko vilimani, kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua haikatiki kwa muda mrefu. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Wengi wao wanaishi kwa vishamba vidogo vilivyopandana mteremko juu ya mteremko: ndizi, chai, mahindi, wimbi, mboga, na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa. Ukishuka Keroka, soko lililo mpakani mwa kaunti hizi mbili, utaona mara moja kuwa hapa chakula hakisafiri mbali. Mama aliyebeba mboga kichwani amezichuma asubuhi ile ile. Waislamu huko si wengi, lakini si wageni pia: Wanubi, wazao wa askari wa zamani wa Kiingereza, wamekaa mjini Kisii tangu enzi za ukoloni.

Hoteli tunayoisema haina ngazi wala mlinzi. Ina mabenchi, meza za mbao zilizofunikwa plastiki, birika la maji ya kunawa mlangoni, na nyuma yake jiko la kuni au makaa. Saa kumi na moja alfajiri mpishi keshamimina unga wa ngano katika beseni, akatia maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta, akaanza kukanda. Saa moja chapati zimepangana chini ya kitambaa, na chai ya maziwa inachemka. Majani ya chai hiyo huenda yamechumwa kilima cha pili, maana Nyamira ni nchi ya chai: viwanda vya Kebirigo, Sanganyi na Nyansiongo viko huko huko. Ikifika adhuhuri huja obokima, ambayo ni ugali, na ulio bora kwao ni ule wa wimbi, mweusi na mzito. Huja ndizi za kupika, maharage, samaki wa ziwani, na mboga ziitwazo chinsaga, ambazo hupikwa kwa maziwa ili kupunguza uchungu. Mswahili anayeliona jani hilo kwa mara ya kwanza huuliza ni nini. Akilitazama vizuri atajua kuwa ni mgagani, na lile lingine waliitalo rinagu ni mnavu wetu. Tunazo pwani zote mbili, zaota nyuma ya nyumba, ila sisi tumeziachia kuku.

Sasa tuje kwenye jambo linaloamua kama hoteli ni ya jamaa au si ya jamaa. Watu hudhani ni viti vya watoto, au bei. Sisi twadhani ni soni.

Neno hili soni wasomaji wetu wanalijua: ni haya, ni ile aibu njema inayomfanya mtu ainamishe macho. Wakisii wanalo neno lile lile, ensoni, na kwa wingi husema chinsoni, nao wamelijengea sheria nzima ya kukaa na watu. Wataalamu wawili wa Kimarekani, Robert na Barbara LeVine, walikaa Ugusii tangu mwaka 1955 hadi 1957, wakatoa kitabu kiitwacho Nyansongo mwaka 1966, nao walieleza mambo haya kwa kirefu. Baba haingii nyumbani mwa mwanawe aliyeoa. Mke wa mwana na baba mkwe hukwepana. Kijana akishatahiriwa, hawi tena na uhuru aliokuwa nao utotoni mbele ya wazazi wake. Soni kubwa ni ya kizazi na kizazi kinachofuatana. Lakini ukiruka kizazi kimoja, mambo hugeuka: babu na mjukuu hutaniana watakavyo, na bibi humwambia mjukuu maneno ambayo mama mtu asingethubutu kuyasikia.

Je, si hivyo hivyo kwetu? Nani asiyejua utani wa bibi na wajukuu, bibi akimwita mjukuu wake mume wangu, mama akijifanya hasikii? Katika hili tumefanana kama pacha.

Lakini tuangalie pale tunapoachana, maana hapo ndipo meza inapoharibika. Kwa sheria yetu ya Kiislamu, mke wa mwana ni maharimu wa baba mkwe. Wametajwa katika Surat Nisaa, aya ya 23, miongoni mwa wasiooana milele. Kwa hiyo si lazima ajifunike mbele yake, na hakuna kizuizi cha kula naye sinia moja, ingawa haya ya kipwani mara nyingi humfanya mkwe aondoke kimya akalie jikoni. Shemeji, ndugu wa mume, huyo si maharimu, na Mtume (s.a.w.) alionya waziwazi juu ya kumwachia uhuru wa kuingia kwa mke wa nduguye. Kwa Wakisii karibu ni kinyume chake. Baba mkwe ndiye wa kukwepwa kwa soni kuu, na watu wa kizazi kimoja, mashemeji wakiwamo, ndio wenye nafasi zaidi ya kuzungumza na kucheka.

Basi chukua mwalimu wetu wa Lamu aliyeoa binti wa Nyamira aliyesilimu. Ndoa kama hizi zipo, na zitazidi. Mzee wa Lamu amekuja kumtazama mwanawe, wanakwenda hotelini, na kwa mapenzi yake yote mzee anamwita mkwewe: njoo mwanangu, kaa hapa karibu nami tule. Binti anasimama kama aliyepigwa na bumbuazi. Mzee anadhani amechukiwa, au kwamba binti huyu hakufunzwa adabu, na kumbe binti amezidiwa na adabu. Wakati huo huo mdogo wake mume anavuta kiti ubavuni kwake bila wasiwasi, naye binti hamkatazi, kwa kuwa kwao jambo hilo halina soni. Hapo mzee ndipo anapokunja uso. Hapana aliyekosa. Lakini chakula kimeshapoa.

Mwenye hoteli mwenye akili huyaona haya bila ya kusoma kitabu. Tusidhani pazia ni mali yetu peke yetu. Benchi mbili fupi zilizopeana mgongo zafaa sana, na chumba kidogo cha ndani chafaa zaidi. Anayegawa chakula akiwa mwanamke mtu mzima, atajua kwa jicho tu nani akae na nani. Atamweka bibi na wajukuu mbele, pale penye kelele, maana hao hawana soni baina yao. Vijana atawapeleka upande wao. Mzee atamkalisha na mwanawe, na mkwe atapata kiti upande mwingine, anaonekana lakini hakabiliani na mtu. Qurani yenyewe, katika Surat Nur, aya ya 61, haioni ubaya watu kula pamoja wala mbalimbali. Nafasi ni pana. Linalotakiwa ni hoteli iwe na nafasi hiyo, isiwalazimishe watu meza moja ndefu kama askari wa kambini.

Na kelele! Hapa tutasema tulivyozoea. Televisheni inayopiga makelele juu ya kichwa cha mlaji ni adui wa jamaa kuliko pilipili. Mtu amewatoa watoto wake ili wazungumze, nao wanakula shingo zimepinda kama bata wanaotazama mwewe.

Tuje kwenye tambi. Kwetu tambi ni chakula cha mwezi mtukufu na cha wageni, zilizokaangwa zikatiwa sukari, iliki na tui. Jina lenyewe ni la Kiswahili kitupu: utambi wa taa ni huo huo, uzi mwembamba. Lakini tambi tuzinunuazo ni za pakiti, na vijana wengi wameamini kuwa ni chakula cha Wataliani, kwa sababu tangu miaka ya 1960, mradi wao wa kurusha setilaiti wa San Marco ulipoanza karibu na Malindi, Wataliani wamejaa mji ule, na hoteli zao hukanda unga kwa mayai na kukata tambi mbichi kila siku. Yafaa vijana hao wajue kuwa mwaka 1154 mwanajiografia wetu Al-Idrisi, akiandika huko Sisilia kwa ajili ya mfalme Roger, alitaja mji wa Trabia ambako zilitengenezwa tambi nyingi ziitwazo itriya, zikapakiwa merikebuni kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Jina itriya ni la Kiarabu. Watu wengine husema Marco Polo ndiye aliyezileta tambi Ulaya kutoka Uchina, na Marco Polo alizaliwa mwaka 1254, miaka mia kamili baadaye! Na katika kitabu hicho hicho Al-Idrisi aliitaja Malindi, na Mombasa pia. Kwa hiyo tambi na sisi tumekuwa kurasa za kitabu kimoja kwa zaidi ya miaka 800.

Kwa nini basi tunaitaka Kisii, na si Malindi? Kwa kuwa Malindi hoteli ya namna hiyo ni ya mtalii, na bei yake ni ya mtalii. Hoteli ya mtaani ya Kisii inacho kila kitu tayari, isipokuwa wazo. Beseni lipo. Ubao wa kusukumia chapati upo, na mti wake upo. Mikono inayojua unga umekaza au umelegea ipo, na hiyo haiuzwi dukani. Mayai yako mtaani. Unga ndio hautoki pale, maana ngano ni ya Narok, Nakuru na Uasin Gishu, na zaidi ya nusu ya ngano inayoliwa Kenya huagizwa ng'ambo ikashukia bandari ya Mombasa. Mtu wa pwani anayekula chapati ya Kisii huenda anakula unga uliompita mlangoni kwake.

Namna yake ni nyepesi kuliko chapati za mikunjo. Kwa kila gramu 100 za unga ni yai moja. Chimba shimo katikati ya unga, vunja yai, changanya kwa vidole, kisha ukande dakika kumi mpaka donge liwe laini kama ncha ya sikio. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu nusu saa. Lisukume jembamba sana kuliko chapati, nyunyiza unga, likunje kama mkeka, ukate kwa kisu chembamba. Ukizikung'uta ndizo hizo tambi. Maji yachemke kwelikweli, yenye chumvi, na tambi mbichi hazikai humo hata dakika tano. Mpishi wa pwani akumbuke jambo moja: kwenye urefu ule wa Kisii maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana maharage yake hayaivi kwa saa alizozoea, naye akamlaumu muuza makaa bure. Basi tambi nazo azionje kwanza kabla ya kuepua.

Zikishaiva, zitiwe chinsaga ile ya maziwa, au mnavu na nyanya, au samaki aliyechambuliwa. Hapa ndipo tunapoona faida yake kubwa kwa Mwislamu. Swali la kwanza la jamaa yetu ikifika hoteli ya ugenini ni nyama: nani amechinja? Ni swali la haki, na mwenye hoteli asiliudhikie. Lakini baba anayeuliza mbele ya watu wote, mara mbili mara tatu, hali mpishi anazidi kununa, huishia kuwaambia watoto wanywe chai tu. Unga, mayai, mboga, maziwa na samaki havina kichinjio. Ngege na sangara hutoka Ziwa Nyanza, si mbali. Kinachobaki ni kuuliza mafuta ya kukaangia, na kama sufuria haikupikiwa jambo jingine, na hayo huulizwa kwa sauti ya chini, jikoni, na mama wa jamaa akizungumza na mama wa hoteli. Mwenye hoteli naye asibandike neno halali ukutani kwa kuwa tu amesikia linavuta wateja. Kama nyama yake haikuchinjwa na Mwislamu, aseme hivyo. Mteja atakula tambi zake kwa mboga, kesho atarudi na jirani yake.

Wako wasomaji watakaosema: mwatufundisha kula kwa watu wa bara? Twawajibu kwamba dharau hii ndiyo inayowafanya watoto wetu wakae miaka minne chuoni Kisii wakiishi kwa mikate na soda, wakirudi nyumbani mifupa mitupu, na kusema kule hakuna chakula. Chakula kipo, tena kimepikwa asubuhi ile. Na ndizi hizo hizo tunazozipigania Kongowea, huko huliwa zikiwa na utomvu.

Neno la mwisho ni kwa watakaokuwa Kisii katika Ramadhani. Hoteli nyingi huko hufungwa mapema, lakini mwenye hoteli akiambiwa mwanzoni mwa mwezi kuwa jamaa fulani watakuja kufuturu, aghalabu huweka uji wa wimbi, chapati na chai, na chumba cha ndani hukuachia. Mpe habari, na umwambie saa. Saa hiyo isiwe ya redio ya Mombasa. Kisii iko magharibi sana kuliko pwani, na jua huko hutua kama dakika 20 baada ya kutua Mombasa. Wako waliokwisha kufungua kwa adhana ya redio hali jua la Kisii bado limesimama juu ya migomba. Basi tambi zitiwe majini adhana ya Mombasa ikishapita, na watoto waambiwe wangoje ya Kisii.